Seva za Majina Zenye Jina Lako

Wanangu mnaotengeneza tovuti hapa Mtwara, ninyi wa Chikongola, Ligula, Shangani na Mikindani, na wenzenu wa Masasi na Newala, nina neno nanyi. Nimeishi katika kazi ya mawasiliano tangu simu zilipokuwa zikipita kwenye nguzo za miti, na ninyi mmenipa furaha ambayo sikuitarajia uzeeni. Siku hizi nyumba ya wageni ya Msimbati inatengenezewa tovuti na kijana wa Msimbati. Chama cha msingi cha Tandahimba kinaandikiana na wanunuzi wa korosho kwa barua pepe yenye jina la chama chenyewe. Zamani kazi hizo tulizipeleka Dar es Salaam, tukalipa kwa bei ya Dar es Salaam.

Sasa limeingia jambo jipya. Kila anayepata wateja wa kutosha anataka awe na seva zake mwenyewe za majina: ns1 na ns2, zikifuatiwa na jina la biashara yake, badala ya zile za kampuni anayokodi kwake. Mteja akichungulia, akute jina la fundi wake wa hapa, asikute jina la kampuni ya mbali. Natamani mfike huko, wala sisemi neno hili kuwazuia. Ila nimewasikia mkilizungumza kama pambo, kitu cha kumfanya mtu aonekane mkubwa, na hapo ndipo moyo wangu unapoingia wasiwasi. Jambo hili ni amana. Ukishaweka jina lako hapo, tovuti na barua pepe za watu zinapita mkononi mwako, na siku ukiteleza wanaoumia kwanza ni wao.

Tuanze na namna linavyokwenda, maana wapo wanaojaza fomu ya msajili bila kuelewa wanachokijaza.

Zamani, mtandao ulipokuwa mdogo, orodha ya kompyuta zote ilikuwa faili moja lililotunzwa mahali pamoja huko California, na kila aliyetaka kuwafikia wenzake alilazimika kulinakili. Mtandao ulipokua, faili likazidiwa. Mwaka 1983 Paul Mockapetris akaandika utaratibu tunaoutumia hadi leo, na msingi wake ni kugawa madaraka. Juu kabisa pana mzizi, na mzizi unajua tu nani anasimamia .com, nani anasimamia .ke, nani anasimamia .tz. Msimamizi wa .tz naye anajua tu kila jina lililo chini yake limekabidhiwa seva zipi. Yaliyo ndani ya jina hilo, yaani tovuti iko wapi na barua pepe zipokelewe wapi, anayejua ni mwenye jina kupitia seva zake za majina. Hakuna hata mmoja anayejua yote, na ndiyo sababu utaratibu huu umedumu.

Mgeni akishuka stendi akimtafuta mtu, huulizia mtaa, na akifika mtaani huelekezwa kwa mwenyekiti, kwa kuwa mwenyekiti ndiye anayeijua nyumba. Seva ya majina ndiyo mwenyekiti huyo. Sasa tuseme mgeni anauliza nyumba ya mwenyekiti iko wapi, anajibiwa akamuulize mwenyekiti. Atalala stendi. Na hapo hasa ndipo wengi wenu mnapokwama.

Kikoa chako tuseme ni mfano.co.tz, na seva zake umeziita ns1.mfano.co.tz na ns2.mfano.co.tz. Anayetaka kujua ns1.mfano.co.tz iko wapi anapaswa kuiuliza seva ya mfano.co.tz, nayo ndiyo hiyohiyo ns1 anayoitafuta. Ni mzunguko usio na mlango. Kinachoukata ni rajisi, aliye juu yako, kuwa na anwani za IP za seva zako, ili kila anapotaja majina ya seva hizo ataje na anwani papo hapo. Rekodi hizo mafundi huziita gundi, na pasipo gundi seva zenye jina lako ni jina tupu.

Kwa hiyo kujaza ns1 na ns2 kwenye ukurasa wa kikoa hakutoshi. Kwanza unaisajili seva yenyewe kwa msajili wako, jina lake pamoja na anwani yake ya IP. Hilo likikubaliwa ndipo unakielekeza kikoa kwenye seva hizo. Kisha unarudi kwenye seva zako mwenyewe na kuandika rekodi za ns1 na ns2 zenye anwani zilezile. Anwani moja inaandikwa juu kwa rajisi na chini kwako, na lazima zifanane tarakimu kwa tarakimu. Zikitofautiana, huyu ataiona tovuti na yule hataiona, asubuhi itafunguka na jioni itagoma, na wewe utashinda unamlaumu mwenye mtandao wa simu.

Wasajili wengine huificha sehemu ya kusajili seva chini ya menyu ambazo hutazitazamia, na wengine hawana kabisa kitufe cha kazi hiyo. Usipokiona, waandikie. Wape jina kamili la seva na anwani yake, na waombe waisajili kwa rajisi. Usikubali kuambiwa usubiri tu, mambo yatakaa sawa yenyewe. Gundi isiyoandikwa haitajiandika.

Kwa majina yetu ya .tz kuna jambo la kulijua zaidi. Jina la .tz liliingizwa kwenye mzizi mwaka 1995. Mwaka 2006 mamlaka ya mawasiliano nchini, TCRA, na chama cha watoa huduma za intaneti, TISPA, wakaanzisha rajisi iitwayo tzNIC, na mwaka 2010 tzNIC ikakabidhiwa rasmi usimamizi wa .tz. Leo rajisi hiyo iko chini ya TCRA, na mwananchi anayetaka jina hupitia kwa msajili aliyeidhinishwa. tzNIC ilichagua programu iitwayo FRED, iliyoandikwa na wenzetu wa rajisi ya Ucheki. Katika FRED seva za majina hazikai ndani ya kikoa. Zinakaa kwenye fungu lake lenye kitambulisho, nalo huitwa nsset, kisha kikoa kinaelekezwa kwenye fungu hilo. Vikoa vya wateja wako wote vinaweza kuelekezwa kwenye nsset moja. Ukihamisha seva, unarekebisha fungu moja na wateja wote wanahama nawe. Wepesi huo ni neema kubwa kwa fundi, na ni hatari ileile kwa ukubwa uleule, kwa kuwa tarakimu moja ukiikosea hapo, umewakosea wote kwa mpigo.

Ukimaliza, usipime kwa kufungua tovuti kwenye simu yako. Simu na seva za kampuni ya simu zina kumbukumbu, huenda zinakuonyesha jibu la jana. Tumia dig, programu ya kuziuliza seva za majina. Uliza seva za majina za mfano.co.tz, na swali ulipeleke kwa seva za .co.tz zenyewe, si kwa seva ya kawaida inayokupa intaneti. Jibu likija, soma hadi chini. Katikati utakuta majina mawili, ns1 na ns2. Mwishoni, kwenye sehemu ya nyongeza, utakuta majina yaleyale, na mbele ya kila moja anwani yake. Majina yakiwepo na anwani zisiwepo, kazi yako haijaisha, hata kama kila mtu ofisini anasema tovuti inafunguka vizuri.

Sasa nije kwenye jambo linaloninyima usingizi.

Fomu inataka seva mbili. Nimeona vijana wengi wakijaza ns1 na ns2 kwa anwani mbili za mashine moja ya kukodi, na wengine bila haya wakajaza anwani moja mara mbili. Waliotaka seva mbili hawakutaka majina mawili. Walitaka moja ikianguka nyingine ibaki imesimama. Tangu mwaka 1997 wataalamu wa intaneti waliandika mwongozo, RFC 2182, wakasema wazi kuwa seva za majina za kikoa kimoja zitengane kimahali na kimtandao. FRED yenyewe ina kipimo kinachokagua kama seva zako ziko kwenye mitandao tofauti. Hawakuandika hayo kwa kupenda urasimu.

Januari 2001 Microsoft ilikuwa na seva nne za majina, zote katika sehemu moja ya mtandao wake. Fundi mmoja akakosea mpangilio wa rauta, na tovuti za kampuni kubwa kuliko zote za programu duniani zikapotea karibu siku nzima. Kompyuta zenye tovuti hizo zilikuwa nzima zikifanya kazi, ila hakuna aliyeweza kuelekezwa zilipo. Tarehe 4 Oktoba 2021 mliliona wenyewe. Kabla ya saa 1 usiku kwa saa zetu, Facebook, Instagram na WhatsApp zilinyamaza, na zilikaa kimya takriban saa 6. Mabadiliko ya ndani yalikuwa yameukata mtandao wao, na seva zao za majina zikatoweka kwenye njia za intaneti kwa pamoja. Wale wana maelfu ya wahandisi. Wewe upo peke yako, na bando lako linaisha kesho.

Sisi watu wa kusini tulipaswa kuwa walimu wa jambo hili, kwa kuwa tumelionja. Tarehe 4 Mei 2024 kimbunga Hidaya kilitua Mafia, na maji yakaikata barabara ya Dar es Salaam na Lindi pale Somanga, wilayani Kilwa. Malori yakapanga foleni huku na huku. Mwenye shida ya kufika Dar alibaki na mzunguko wa Masasi, Tunduru, Songea na Njombe, na wasio na nauli ya mzunguko huo walisubiri. Barabara haijakaa sawa, tarehe 12 Mei mikongo ya EASSy na SEACOM ikakatika baharini kati ya Msumbiji na Afrika Kusini, na intaneti ya nchi nzima ikadorora. Mikongo yote miwili inatua Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 500 kutoka hapa kwa barabara, ingawa pwani ni yetu hadi maingilio ya Ruvuma. Katika wiki moja na siku chache tulikatiwa njia ya lami, kisha tukakatiwa njia ya mkongo. Mtu wa Mtwara akijenga kitu chenye njia moja tu baada ya Mei ile, sijui nimwambie nini.

Basi zipangeni hivi. Seva moja iwe Dar es Salaam, kwenye kituo cha data kilichounganishwa na TIX, mahali ambapo mitandao ya nchini hubadilishana mawasiliano bila kuvuka bahari. Mikongo ikikatika, mwalimu wa Naliendele na mfanyabiashara wa Masasi bado watapata jibu. Ya pili iwe nje ya nchi na kwa kampuni nyingine kabisa, Nairobi, Johannesburg au Ulaya, ili mnunuzi wa korosho aliyeko India au Vietnam asitegemee njia ya kuingia Tanzania ili ajue barua yake aipeleke wapi. Ukiweza ya tatu, weka. Kampuni tofauti nimeisema kwa makusudi: mashine mbili katika miji miwili kwa kampuni moja zinalipwa kwa bili moja, na akaunti ikifungwa kwa deni au kwa kosa, zote mbili zinazimika usiku mmoja.

Na nyumbani je? Nawaomba msiweke bado seva ya majina chini ya meza hapa Mtwara. Najua uchungu wa neno hilo, kwa sababu ningependa siku moja jina la mkoa huu lijibiwe kutoka ndani ya mkoa huu. Lakini intaneti nyingi za majumbani hapa hazina anwani ya kudumu, na umeme mnaujua. Seva ya majina haina saa za kazi. Mtalii anayetafuta malazi karibu na Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi huenda yuko Ujerumani, akafungua simu yake wakati ninyi mmelala.

Anayelalamika kuwa seva ya pili ni gharama, amtafute mwenzake. Tangu mwanzo wa intaneti mafundi walitunziana nakala: mimi nakuwekea ya pili yako, nawe unaniwekea ya pili yangu, pesa haipiti. AFRINIC, inayogawa anwani za IP barani kwetu, huzitunzia nchi za Afrika nakala za vikoa vyao vya taifa kwa moyo huohuo. Kijana wa Mtwara akishikana na kijana wa Mbeya au wa Zanzibar, kila mmoja na mashine yake ndogo kwa kampuni yake, wote wawili wanapata mahali pawili. Andikianeni hata karatasi moja: nani anashika nini, nani apigiwe simu usiku, na nani akitaka kuacha amwambie mwenzake siku ngapi kabla.

Mkishafanya hivyo, kagueni kama nakala inanakiliwa kweli. Kila faili la kikoa lina namba ya toleo juu yake, na mazoea ni kuiandika kwa tarehe, kwa mfano 2024051201, yaani toleo la kwanza la tarehe 12 Mei 2024. Seva ya pili huitazama namba hiyo tu. Imeongezeka, inanakili; haijaongezeka, haigusi kitu. Fundi akibadili anwani ya barua pepe ya mteja akasahau kuongeza namba, seva ya kwanza itasema kipya na ya pili itaendelea kusema cha zamani, na nusu ya barua za mteja zitakwenda mahali pasipo na mtu. Hilo ni baya kuliko seva kuzimika. Anayekutumia barua akikosa jibu la seva zako, kompyuta yake huiweka barua foleni na kujaribu tena na tena, mara nyingi kwa siku 4 au 5. Akijibiwa kwamba jina hilo halipo, barua inamrudia hapohapo, naye anaamini biashara imefungwa. Kunyamaza kunasameheka kuliko kutoa habari zisizo za kweli.

Kuhamisha seva kuna mpangilio wake. Iwashe mpya kwanza, ihakikishe inajibu sawasawa, ndipo ubadili anwani kwa msajili, na ile ya zamani uiache ikijibu. Rekodi za seva za .com huruhusiwa kukaa katika kumbukumbu za watu kwa sekunde 172,800, yaani siku 2 kamili, na wapo wanaozikalisha zaidi. Iache ya zamani wiki nzima. Gharama ya wiki moja ya mashine ya kukodi ni ndogo kuliko aibu ya kumpigia mwenyekiti wa chama cha msingi katikati ya msimu wa korosho, Oktoba au Novemba, kumweleza kwa nini barua pepe hazifiki.

Yanayohusu usalama nayasema kwa ufupi kwa sababu mnayasoma kila siku. Seva yenu ya majina ijibu maswali ya vikoa vyenu tu. Ikikubali kumtafutia kila mtu kila kitu, wahalifu wataitumia kuwapiga wengine. Nakala ya faili zima itolewe kwa seva ya mwenzako peke yake. Akaunti ya msajili iwe na nywila isiyotumika kwingine na uthibitisho wa hatua mbili, kwa sababu anayeingia pale hahitaji kuvunja seva yako. Anabadili anwani tu.

Nasaha yangu kubwa kuliko zote inahusu kikoa kinachobeba seva zenyewe. Wateja wako wote wameelekezwa kwa ns1.mfano.co.tz. Wao wamelipia vikoa vyao, hawadaiwi. Wewe ukasahau kulipia mfano.co.tz. Siku kikitolewa kwenye rajisi, seva zako zinapoteza jina, na kila mteja aliyezitegemea anapotea nazo ilhali hana deni la mtu. Hicho ndicho kikoa kimoja katika maisha yako ambacho hupaswi kukilipia mwaka mmojammoja. Kilipie miaka yote ambayo msajili anaruhusu.

Na hatari haiishii kwenye kupotea. Jina lililoachwa laweza kuchukuliwa na mtu mwingine. Julai 2017 mtafiti wa usalama, Matthew Bryant, alikuta kwamba majina ya baadhi ya seva zilizoisimamia .io yote yalikuwa wazi kwa yeyote kuyalipia. Akalipia jina la ns-a1.io kama mtu anavyolipia kikoa cha kawaida, na maswali ya vikoa vya .io yakaanza kumiminika kwenye seva yake. Alikuwa mtu mwema, akatoa taarifa likarekebishwa. Angekuwa mwovu, angeweza kuwaelekeza watu wa .io popote atakapo. Kama liliweza kutokea ngazi ya juu namna ile, linaweza kutokea kwa kijana wa Mtwara aliyepata kazi Dodoma akaacha mambo ya tovuti. Anayekichukua kikoa chako anawachukua na wateja wako, na anaweza kusoma barua zinazoletwa kwao.

Kwa hiyo tazameni pia barua pepe mliyoiandika kwenye akaunti ya msajili. Msiandike ile iliyo chini ya kikoa kilekile. Taarifa ya kuisha muda itatumwa huko, kikoa kikishakufa na barua zake zimekufa, na hutajua lolote mpaka wateja waanze kupiga simu. Andika anwani ya mahali pengine unayoifungua kila siku. Mtu wa pili unayemwamini, mke, mume, ndugu au mshirika, ajue akaunti iko kwa msajili gani na inaingiwaje. Vijana mnafikiri kuugua na kufa ni mambo yetu sisi wazee. Pikipiki za Mtwara hazichagui umri.

Na kikoa cha mteja kisajiliwe kwa jina la mteja. Hapa nakuwa mkali. Nimeona nyumba moja ya wageni ya pwani hii iliyoandika jina la tovuti yake kwenye bango la barabarani, kwenye vitabu vya risiti na kwenye mashati ya wahudumu. Fundi alikuwa amesajili kila kitu kwa jina lake na barua pepe yake. Akahama mkoa, akabadili namba, muda ukaisha, na mwenye nyumba hakuwa na karatasi hata moja ya kumwonyesha msajili kwamba jina ni lake. Alianza upya na jina jingine, akapaka rangi bango lote. Fundi yule hakuwa mwizi. Alikuwa kijana mwenye haraka aliyeona ni rahisi kujaza taarifa zake mwenyewe. Wewe baki kama mtu wa ufundi kwenye rekodi, seva ziwe zako, lakini mmiliki awe mmiliki, na akitaka kuondoka kwako umfungulie mlango siku hiyohiyo. Mteja anayejua anaweza kuondoka ndiye anayekaa.

Wapo kati yenu watakaosoma haya yote na kuona mzigo ni mkubwa. Basi bakini na seva za majina za msajili wenu. Mwenye wateja watano hana sababu ya kubeba ns1 na ns2 zake, na mteja hakulipi ili aone jina lako kwenye rekodi asizozisoma. Anakulipa ili wageni wamfikie. Fundi anayetumia seva za wengine na kuzielewa namheshimu kuliko mwenye seva zake ambazo hajui gundi yake imeandikwa wapi. Lakini mkishafika wawili watatu mnaoaminiana, mna mashine mbili mahali pawili na daftari la tarehe za malipo, sajilini. Mkoa huu umezoea kupeleka korosho zake na gesi yake zikasimamiwe kwingine. Majina yetu tunaweza kuyasimamia wenyewe, na wa kuyasimamia ni ninyi.

Leo kabla hamjalala, fungueni akaunti zenu kwa msajili. Tazameni tarehe ya kuisha ya kile kikoa kinachobeba ns1 na ns2, na tazameni kama barua pepe iliyoandikwa hapo bado mnaifungua. Ikiwa imebaki chini ya mwaka mmoja, lipieni usiku huuhuu.